Jinsi ya Kupima Umbali wa Sayari Jirani Ufukweni Bagamoyo kwa Kamba, Kigingi na Ngoma

Bango la sayari linalotundikwa kwenye kuta za madarasa yetu huzipanga sayari zote kwenye mstari mmoja, upande mmoja wa Jua, kila moja nyuma ya mwenzake. Mtoto hulitazama mwaka mzima na kuondoka na namba moja kichwani: kutoka Duniani hadi Mirihi ni kilomita milioni 78. Namba hiyo imepatikana kwa kutoa tu. Mirihi iko takribani kilomita milioni 228 kutoka kwenye Jua, Dunia milioni 150, tofauti yake ni 78. Hesabu ni sahihi, ila inafaa kwa siku chache tu katika kila miaka miwili na ushei. Siku zilizobaki Mirihi iko mbali zaidi, na kuna wakati inapita kilomita milioni 400.

Umbali wa sayari mbili jirani hauna namba moja. Unapumua siku zote, kwa sababu kila sayari inakwenda kwa mwendo wake kwenye njia yake. Jambo hili ni gumu kulieleza ubaoni na ni jepesi sana kulielewa ukilitembea kwa miguu. Sisi wa Bagamoyo tuna uwanja wa kulitembelea ambao shule nyingi za bara hazina: mchanga mpana, tambarare, uliosawazishwa na bahari yenyewe mara mbili kwa siku. Mwongozo huu ni wa mwalimu, mzazi au kijana yeyote anayeweza kukusanya watu kumi na kuwa na asubuhi moja ya nafasi.

Majina kwanza, maana vitabu vyetu havikubaliani. Humu Utaridi ni sayari ya kwanza kutoka kwenye Jua, ambayo wengine huiita Zebaki. Zinafuata Zuhura, Dunia na Mirihi. Mshtarii ni ile kubwa kuliko zote, na Zohali ni ile yenye pete.

Unachohitaji

Kamba ya katani ya mita 20, na nyingine nne fupi za kati ya mita 5 na 9. Futi ya fundi, ikiwezekana ile ndefu ya mita 30. Vigingi viwili vya mti, vijiti vinne vya kuchoria, vipande vya kitambaa vya rangi, daftari na kalamu ya risasi (wino haupendi mikono yenye maji ya chumvi). Chungwa moja kubwa. Na ngoma, hapa Bagamoyo ngoma haikosekani, lakini ndoo ya plastiki nayo itafanya kazi.

Usitumie kamba ya manila kwa kupimia. Hunyumbuka ukiivuta, na vipimo vyako vitatofautiana kulingana na nguvu za anayevuta. Katani haina tabia hiyo, ila ikilowa hujikunja na kufupika kidogo. Kwa hiyo ilowanishe kwanza, ivute inyooke, ndipo upime na kufunga vifundo.

Hatua ya 1: Chagua maji

Usiende ufukweni siku yoyote tu. Siku za maji mafu mchanga unaofunguka ni mdogo na nafasi haitatosha. Ngojea bamvua, yaani siku zinazozunguka mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapojaa sana na kukupwa sana. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji huwa yamekupwa kabisa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi, na tofauti kati ya kujaa na kukupwa hupita mita 3. Anza kuchora saa mbili na nusu wakati maji bado yanaondoka, na uwe umemaliza kabla ya saa saba.

Kama huna jedwali la maji, nenda soko la samaki siku moja kabla. "Shikamoo mzee, kesho maji yatakupwa saa ngapi?" Nahodha yeyote atakujibu papo hapo, na atakuonyesha pia mahali ambapo mchanga ni mgumu na hapana mawe. Muulize vilevile mashua zinapitia wapi, usije ukachora mfumo mzima wa Jua kwenye njia ya watu wanaoshusha samaki.

Hatua ya 2: Funga vifundo

Kipimo chetu ni hiki: mita 10 mchangani ni umbali wa Dunia kutoka kwenye Jua. Kwa hiyo mita 1 ni kilomita milioni 15. Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia uliuweka umbali huo rasmi mwaka 2012 kuwa kilomita 149,597,870.7. Kwa kazi yetu milioni 150 inatosha.

Funga kitanzi mwisho mmoja wa kamba, kitakachoingia kwenye kigingi. Kuanzia kwenye kitanzi, weka vifundo na kitambaa cha rangi yake kwa kila kimoja:

Utaridi, mita 3.9
Zuhura, mita 7.2
Dunia, mita 10
Mirihi, mita 15.2

Sasa weka chungwa chini, pale kigingi kitakapokuwa. Kwa kipimo hiki Jua lina upana wa sentimita 9, na Dunia haifiki hata milimita moja, ndogo kuliko mbegu ya mchicha. Mwezi uko sentimita mbili na nusu tu kutoka kwenye mbegu hiyo, na huko ndiko mbali zaidi mwanadamu alikowahi kwenda. Wape watoto dakika tano wasimame kwenye fundo la Dunia na kulitazama chungwa. Usiseme neno.

Hatua ya 3: Chora duara

Kigingi katikati, kitanzi juu yake, mtu mmoja akishikilia kigingi kisiyumbe. Mwingine anashika fundo pamoja na kijiti na kuzunguka huku kamba imenyooka. Anza na duara dogo umalize na kubwa, ili mchoraji asifute alichokwisha kuchora. Mfereji wa kina cha vidole viwili unatosha. Upepo wa pwani haufuti mchanga mbichi.

Hatua ya 4: Pima hatua za siku 30

Hapa ndipo picha ya ukutani inapovunjika. Sayari iliyo karibu na Jua ina njia fupi, na juu ya hapo ina mwendo mkali zaidi. Utaridi hukimbia kilomita 47 kwa sekunde, Zuhura 35, Dunia karibu 30, Mirihi 24. Mzunguko mmoja wa Utaridi ni siku 88, wa Zuhura siku 225 kasoro kidogo, wa Dunia siku 365 na robo, wa Mirihi siku 687.

Kata kamba fupi nne, kila moja ikiwa ni mwendo wa sayari yake kwa siku 30:

Utaridi, mita 8.35
Zuhura, mita 6.04
Dunia, mita 5.16
Mirihi, mita 4.17

Kamba hizi zinalazwa juu ya mfereji, zikifuata mkunjo wa duara. Ukiivuta inyooke kutoka alama moja hadi nyingine, Utaridi itakwenda mbali mno. Usizikadirie namba hizi pia, kama kuweka 5.2 badala ya 5.16. Sentimita nne za ziada kwenye kamba ya Dunia zinakuwa zaidi ya mita nzima ukifika hatua ya ishirini na sita.

Chomeka kijiti kila hatua. Kuna njia ya kukagua kazi: baada ya hatua 12, Dunia inapaswa kubakiza takribani sentimita 90 kufika ilipoanzia. Baada ya hatua 23, Mirihi inapaswa kupita ilipoanzia kwa sentimita 42 hivi. Kama kosa lako ni la shibri moja, endelea. Kama ni la mita, kamba haikulazwa vizuri, rudia.

Mwelekeo ni mmoja kwa wote: kinyume cha mishale ya saa, kama mtu anayezitazama sayari kutoka juu ya upande wa kaskazini.

Hatua ya 5: Piga ngoma, tembea, pima

Anzeni na Dunia na Mirihi peke yake. Mtoto mmoja asimame kwenye mfereji wa Dunia, mwingine kwenye wa Mirihi, wakiwa upande mmoja wa chungwa, mstari mmoja nalo. Huo ndio mpangilio wa bangoni. Pimeni kwa futi: mita 5.2. Zidisha kwa 15 upate milioni 78.

Sasa mpiga ngoma apige. Pigo moja ni siku 30: kila mtoto anasogea hadi kijiti chake kinachofuata na kusimama. Pimeni. Pigo jingine, pimeni tena. Endeleeni bila kuruka hata moja. Hivi ndivyo inavyopaswa kuonekana daftarini:

Mwanzo: mita 5.2, kilomita milioni 78
Pigo la 3, siku 90: mita 10.2, kilomita milioni 153
Pigo la 6, siku 180: mita 17.2, kilomita milioni 257
Pigo la 9, siku 270: mita 22.4, kilomita milioni 337
Pigo la 13, siku 390: mita 25.2, kilomita milioni 378

Kwenye pigo la 13 watoto wawili wanatazamana chungwa likiwa katikati yao. Tangu hapo umbali unaanza kupungua, na kwenye pigo la 26, yaani siku 780, Dunia imeitangulia Mirihi kwa duara zima na kuikuta tena. Siku 780 ni miaka miwili na siku 50 hivi.

Msiishie kwenye namba za mwanzo na mwisho. Utajiri uko katikati. Kwenye pigo la kwanza umbali unaongezeka kwa sentimita 80 tu, kwa sababu siku zile za kukaribiana sayari zote mbili zinakwenda upande mmoja, sambamba, na Dunia inaipita Mirihi kidogokidogo. Kufikia pigo la nne umbali unaongezeka kwa mita 2.4 kila pigo. Hiyo ni kilomita milioni 1.2 kila siku iendayo kwa Mungu. Kisha mwendo huo unapoa tena kadiri Mirihi inavyozidi kujificha nyuma ya Jua. Na hesabu inaonyesha kwamba katika siku 780, ni siku 176 tu ambazo Mirihi iko karibu nasi kuliko Jua lilivyo karibu nasi. Haifiki robo ya muda wote.

Kuna jambo jingine la kufanya hapa, na mimi nalipenda kuliko yote. Rudisheni saa nyuma pigo moja kabla ya mwanzo. Mwambie mtoto wa Dunia amtazame mwenzake wa Mirihi, na akumbuke kitu kilicho mbali sana nyuma yake: jahazi lililotia nanga, au minazi ya mbali. Piga ngoma mara mbili, na kila mara amtazame tena. Mirihi imekwenda mbele mchangani, kila mtu ameiona ikienda mbele, lakini kwa macho ya mtoto wa Dunia imerudi nyuma. Pigo jingine, nayo inaanza kwenda mbele. Watazama nyota wa kale walisumbuliwa na kurudi nyuma huko kwa karne nyingi, wakabuni viduara juu ya viduara ili kukueleza. Ninyi mmekueleza kwa mapigo machache ya ngoma: ni Dunia yenye kasi inayompita jirani yake mvivu.

Watoto wakubwa watauliza faida yake. Waambie kwamba mawimbi ya redio huchukua dakika 3 hivi kufika Mirihi ikiwa karibu kabisa, na dakika 22 ikiwa mbali kabisa. Waambie pia kwamba Julai 2020 vyombo vitatu viliondoka kwenda Mirihi ndani ya mwezi mmoja, kimoja cha Falme za Kiarabu, kimoja cha China na kimoja cha Marekani. Wote walikuwa wanasubiri mlango uleule unaofunguka kila baada ya miezi 26. Chombo cha Marekani, Perseverance, kilitua tarehe 18 Februari 2021, baada ya kusafiri takribani kilomita milioni 470. Siku hiyo Mirihi ilikuwa imeshafika zaidi ya kilomita milioni 200 kutoka Duniani. Haikulengwa ilipokuwa, ililengwa itakapokuwa. Mvuvi anayerusha kamba kwa mwenzake aliye kwenye ngalawa inayokwenda anaijua hesabu hiyo mkononi.

Hatua ya 6: Tafuteni jirani wa kweli

Waiteni sasa Zuhura na Utaridi. Anzeni Zuhura ikiwa kati ya Dunia na chungwa: mita 2.8, kilomita milioni 42. Hakuna sayari nyingine inayotukaribia hivyo. Lakini angalieni inavyokimbia. Pigo la kwanza mita 3.9, la pili 6.1, la tatu 8.4, na pigo la nne imeshakuwa mbali kuliko chungwa lenyewe. Itabaki mbali kuliko chungwa kwa mapigo kumi na mawili mfululizo, ikifika hadi mita 17.2. Itarudi kati yetu na Jua baada ya siku 584.

Utaridi ina mambo yake. Kwa kila pigo inakimbia theluthi nzima ya duara lake, na mtoto aliyepewa sayari hiyo atatoka jasho. Lakini kwa kuwa haiwezi kuondoka zaidi ya mita 3.9 kutoka kwenye chungwa, haiwezi kwenda mbali nasi: mita 6.1 ikiwa karibu, mita 13.9 ikiwa mbali.

Gawa watu makundi matatu, kila kundi lishike sayari moja na kupima umbali wake kutoka Duniani kwa mapigo yote 26. Mwishoni kila kundi lijumlishe na kugawa. Mkipima vizuri mtapata wastani unaokaribia huu wa mizunguko mingi: Utaridi mita 10.4, Zuhura mita 11.4, Mirihi mita 16.9.

Someni tena. Kwa wastani, sayari iliyo karibu zaidi na Dunia ni Utaridi. Si Zuhura, wala si Mirihi. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walichapisha hesabu ya jambo hili katika jarida la Physics Today, na wengi waliozoea kufundisha vinginevyo walishtuka. Na si kwetu tu. Kutoka Mirihi, wastani wa umbali hadi Utaridi ni mita 15.5 kwa kipimo chetu, mdogo kuliko mita 16.9 za Dunia. Utaridi ni jirani wa karibu wa kila sayari, kwa sababu duara lake ni dogo na siku zote inashinda karibu na katikati. Zuhura inatukaribia mno, kisha inakwenda kukaa upande wa pili wa Jua kwa muda mrefu, na hizo siku za mbali zinaifuta faida yake.

Je, kitabu kimekosea kusema Zuhura ni jirani yetu? Sioni hivyo. Njia yake ndiyo iliyopakana na yetu, na hakuna inayotufikia karibu zaidi. Kosa ni kutoa jibu bila kuuliza "lini?" Mtoto akiuliza "Mwalimu, ipi iko karibu?", mrudishie swali hilo, na mwache achague: karibu leo, karibu siku moja katika mzunguko, au karibu kwa wastani. Yapo majibu matatu, na yote matatu ameyapima kwa mikono yake.

Hatua ya 7: Sogeza kigingi

Mpaka hapa tumechora duara kamili lenye Jua katikati. Mtazama nyota Johannes Kepler alionyesha mwaka 1609 kwamba njia za sayari ni duaradufu, yaani duara lililobonyea, na Jua haliko katikati yake. Watu wengi hudhani kuchora duaradufu ni kazi kubwa. Kwa Mirihi si kubwa, kwani njia yake inakaribia sana kuwa duara, ila limesogezwa pembeni.

Chagueni sehemu moja kwenye mfereji wa Dunia, muiite mwisho wa Agosti. Ng'ambo yake, upande wa pili wa chungwa, ni mwisho wa Februari. Acheni chungwa mahali pake. Chomekeni kigingi cha pili mita 1.4 kutoka kwenye chungwa kuelekea upande wa Februari, mchore upya mfereji wa Mirihi kwa kamba ileile ya mita 15.2. Futeni ule wa zamani.

Pimeni pengo kati ya mifereji miwili upande wa Agosti: mita 3.8. Upande wa Februari: mita 6.6. Kwa hiyo hata siku za kukutana hazifanani. Dunia ikiipita Mirihi mwishoni mwa Agosti, zinakaribiana hadi kilomita milioni 57 kwa mchanga wetu. Ikiipita Februari, haziwezi kukaribiana zaidi ya milioni 99 hivi.

Linganisheni na anga yenyewe. Tarehe 27 Agosti 2003 Mirihi ilikuwa kilomita milioni 55.8 kutoka kwetu. Julai 2018 ilikuwa milioni 57.6. Oktoba 2020, milioni 62. Desemba 2022, milioni 81. Januari 2025, milioni 96. Februari 2027 itafika milioni 101. Mnaona tarehe zinavyosogea? Ni zile siku 50 zinazozidi juu ya miaka miwili. Kila mkutano unasogezwa mbele kwenye kalenda na kwenye mfereji, ukitoka upande mwembamba kwenda upande mpana, kisha unarudi. Baada ya 2027 ni Machi 2029, Mei 2031, Juni 2033, halafu Septemba 2035, ambapo Mirihi itakuwa tena chini ya kilomita milioni 57. Chomekeni kijiti kwa kila mkutano, kila kimoja na mwaka wake.

Dunia nayo haikai sawasawa: njia yake imesogea sentimita 17. Tuko kilomita milioni 147 kutoka kwenye Jua mwanzoni mwa Januari, na milioni 152 mwanzoni mwa Julai. Hizo sentimita ndizo zinazoziba sehemu kubwa ya tofauti ndogo kati ya mchanga wetu na namba za kweli. Zuhura msiisogeze, njia yake ni duara karibu kamili. Utaridi, mkiwa na nguvu bado, isogezeni sentimita 80.

Hatua ya 8: Mshtarii, kwa haraka

Mshtarii inahitaji kamba ya mita 52, na hakuna haja ya duara zima. Choreni tao tu. Kwa pigo moja inasogea mita 2.26. Umbali wake kutoka Duniani unatoka mita 42 hadi 62, yaani haufiki hata mara mbili, wakati ule wa Mirihi unaongezeka karibu mara tano kwa duara letu la kwanza, na mara saba ukichukua karibu kabisa na mbali kabisa. Ndiyo maana Mshtarii inang'aa karibu sawasawa mwaka mzima, na Mirihi inabadilika sana.

Zohali iko mita 95 na haitaenea. Ila waambieni watoto kuhusu tarehe 21 Desemba 2020, Mshtarii na Zohali zilipoonekana zimeshikana, kitu kinachotokea kila miaka 20 hivi. Jioni ile kati yake kulikuwa na zaidi ya kilomita milioni 700.

Hatua ya 9: Siku ya mvua

Masika yakishika, kazi hiihii inafanyika mezani kwa kanuni ya kosaini ya kidato cha nne. Chukua pembe kati ya sayari mbili ukizitazama kutoka kwenye Jua. Umbali wake ni kipeuo cha pili cha: mraba wa umbali wa kwanza, jumlisha mraba wa umbali wa pili, toa mara mbili ya zao la umbali huo miwili ukizidisha na kosaini ya pembe.

Kwa Dunia na Mirihi, pembe inakua kwa nyuzi 13.85 kila siku 30. Baada ya siku 90 ni nyuzi 41.55, na kosaini yake ni 0.748. Mraba wa 10 ni 100, wa 15.2 ni 231. Jumla 331. Mara mbili ya 10 kwa 15.2 ni 304, ukizidisha na 0.748 unapata 227.4. Toa, inabaki 103.6. Kipeuo chake ni 10.2, sawa na mlichopima ufukweni. Kwa Dunia na Zuhura tumia nyuzi 18.49. Kikokotoo cha simu kiwe kimewekwa kwenye nyuzi, la sivyo majibu yatakuwa ya ajabu.

Hatua ya 10: Tazama juu

Ng'oa vigingi na kukusanya kamba zote kabla maji hayajapanda, zisije zikajifunga kwenye pangaboi ya mtu. Kisha anza kazi ya usiku.

Pwani yetu inatazama mashariki. Mirihi ikiwa karibu, iko upande ulio kinyume na Jua. Kwa hiyo huchomoza baharini wakati jua linazama nyuma ya mji. Februari 2027 simama ufukweni jioni jua likizama, utaiona ikipanda, nyekundu, juu ya maji. Itazame tena miezi sita baadaye. Itakuwa upande wa magharibi jioni, imefifia kiasi kwamba asiyeijua ataipita. Ni sayari ileile. Kilichobadilika zaidi ni mita za daftarini.

Zuhura itazamwe kwa darubini ndogo ya mkono, ikishikiliwa ikatulia. Ikiwa mbali, upande wa pili wa Jua, inaonekana duara dogo lililojaa. Inapotukaribia inakua kwa upana huku sehemu yake yenye mwanga ikipungua, mpaka inakuwa hilali nyembamba, kama Galileo alivyoiona mwishoni mwa 1610. Tarehe 24 Oktoba 2026 inapita kati yetu na Jua. Wiki kadhaa kabla ya hapo itakuwa hilali ya magharibi, jioni, juu ya minazi. Wiki kadhaa baadaye itakuwa imehamia alfajiri, ikitokea baharini. Jioni subiri jua lizame lote kabla ya kuinua darubini, na alfajiri iteremshe kabla jua halijachomoza. Darubini ikiligusa Jua hata mara moja, jicho limekwenda.

Kila unapotazama, andika tarehe, ng'aro na umbo, na pembeni andika umbali uliokokotoa kwa kanuni ya hatua ya 9. Ukurasa mmoja kwa Zuhura, mmoja kwa Mirihi. Siku 584 kwa ya kwanza, 780 kwa ya pili, ndipo ukurasa unajaa.